Huyu Hajawahi Kutengeneza Kigoda

Sisi tulioingia kwenye ualimu mwishoni mwa miaka ya 1970 watani walitubandika jina. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, ulipoanza 1977 ulitaka walimu makumi ya maelfu kwa mkupuo, na vyuo havikuweza kuwatoa. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini: asubuhi unafundisha watoto, mchana unafundishwa na mkufunzi, jioni unasikiliza kipindi cha redio na kujibu vijitabu vya masomo kwa posta. UPE, wakasema watani, ni Ualimu Pasipo Elimu. Nami nilikuwemo, kwenye kijiji kimoja cha Dodoma, na vile vijitabu vya posta ndivyo vilikuwa vitabu vyangu vya kwanza juu ya kazi hii. Habari ya kuchagua haikuwepo. Vilikuja, ukavisoma, ukajibu maswali ya mwisho, ukaomba majibu yafike kabla mvua haijakata barabara.

Kuchagua kulikuja baadaye, na kukaninasa. Nilianza kwa kukabidhiwa ufunguo wa kabati la vitabu la shule, nikaja kupewa rafu za kituo cha walimu cha kata, na hata sasa nimestaafu, vijana bado wananipigia simu: "Mwalimu, kuna fedha kidogo, tununue nini?" Jibu ninalowapa leo silo nililokuwa nikilitoa zamani.

Kabati la kwanza lilikuwa rahisi. Juu kabisa kilikaa kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, cha Machi 1967, kimechakaa pembeni kwa kushikwa na wakaguzi. Bado nakiheshimu. Kinaeleza kwa nini shule isijitenge na kijiji, na kwa nini mtoto anayemaliza shule asiione kazi ya mikono kuwa adhabu. Lakini chini yake hapakuwa na kitabu cha kueleza namna ya kuifanya hiyo kazi. Banda la kuku lisiloingiliwa na kicheche tulifundishwa na mzee mmoja jirani wa shule, si na maandishi yoyote. Shule nyingi zilibaki na sehemu ya "kwa nini" peke yake, na stadi za mikono zikageuka kuwa foleni ya watoto wenye majembe saa nane mchana.

Miaka ya 1980 karatasi ikaadimika, dawati zima likasoma kitabu kimoja. Ndipo yakaanza kuja maboksi ya msaada. Nakumbuka boksi moja lililotupa furaha kubwa tulipolifungua, hadi tulipoanza kusoma majina: sheria za kodi za nchi ya mbali, mwongozo wa kutunza bustani za waridi, na kitabu kinene cha saikolojia ya elimu chenye picha za madarasa ya watoto kumi na wawili. Hicho cha mwisho tulikiweka mahali pa heshima. Kilikuwa na jalada gumu.

Wakati huohuo, kitabu kilichosomwa kuliko vyote kijijini hakikuwa shuleni kabisa. Kilikuwa zahanati, juu ya meza ya mganga, na jina lake Mahali Pasipo na Daktari. Aliyekiandika mwanzoni, kwa Kihispania, ni David Werner, Mmarekani aliyefanya kazi na wanakijiji wa Ajoya katika milima ya Mexico. Mtu aliyesoma hadi darasa la nne tu alikuwa anaweza kukifungua, akatazama picha, akajua maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha yachanganywe vipi, kwa kijiko gani, na akikosea chumvi kutatokea nini. Nilikuwa nakwenda pale kukisoma nikijifanya nasubiri zamu. Nilijiuliza kwa nini sisi walimu hatuna kitabu cha namna hiyo.

Juni 1994 wawakilishi wa serikali 92 na mashirika 25 ya kimataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakatangaza kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, wenye ulemavu wakiwemo. Kwetu tangazo hilo lilifika polepole, kwa njia ya semina. Elimu jumuishi ikawa neno la kila hotuba, na vitabu vyake vikaanza kuingia kituoni. Nilivipokea kwa hamu, maana mkoa wetu una shule ya wasioona ya Buigiri tangu 1950, na sote tulijua kwamba watoto waliofika kule ni wachache. Wengine walikuwa wamekaa barazani kwao, wanawasikiliza wenzao wakienda shule. Lakini vingi vya vitabu hivyo vilianza na fasili, vikaendelea na fasili, vikamalizia na historia ya maazimio. Ulikuwa unasoma kurasa hamsini ukijua sasa tofauti ya elimu maalumu, elimu changamani na elimu jumuishi, na kesho yake umesimama mbele ya watoto tisini, mmoja wao haoni ubao, na huna la kufanya zaidi ya kumwonea huruma.

Macho yangu yalifunguliwa na fundi seremala. Ilikuwa wakati wa MMEM, mpango ulioanza 2002 baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Ruzuku ilikokotolewa kwa dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ni ya vitabu, na shule zikaruhusiwa kujinunulia kutoka kwa wachapishaji binafsi, mradi kitabu kiwe kimepita kwenye kamati ya wizara ya kuidhinisha vitabu, EMAC. Mawakala wakaanza kutuzukia na mikoba, kalenda na fulana. Sisi walimu tulitazama jalada, tukatazama muhuri wa idhini, tukauliza bei. Mwenyekiti wa kamati yetu ya shule, ambaye kazi yake ilikuwa useremala, alikuwa na taratibu zake. Kwanza alikishika kitabu kwa jalada moja akakining'iniza, aone kama kurasa zitaachia. Kisha akafungua kitabu cha stadi za kazi penye somo la kutengeneza kigoda. Picha ilikuwa nzuri, kigoda chenye miguu mitatu, kinang'aa.

"Mwalimu, miguu hii ina urefu gani?"

"Haikuandikwa, Mwenyekiti."

"Mbao ya unene gani?"

"Haikuandikwa."

"Na miguu inaingia kwenye kikalio kwa pembe gani? Maana ukiisimamisha wima, mtoto akiegemea anaanguka."

Nikanyamaza. Akakifunga kitabu, akamrudishia wakala kwa adabu, akasema: "Huyu hajawahi kutengeneza kigoda."

Wakala alicheka, nami nikacheka. Lakini nilipofika nyumbani sentensi ile ilikataa kutoka kichwani. Nikaenda kwenye rafu za kituo, nikatoa vile vitabu vya elimu jumuishi, nikaanza kuvisoma kwa macho ya yule fundi. Huyu amewahi kukaa na mtoto asiyesikia? Huyu amewahi kujaribu kufundisha kujumlisha bila ubao? Unajua upesi sana. Mwandishi aliyefanya kazi kwa mikono yake anakupa kipimo. Anakuambia pia kinachoharibika, na ukikosa hiki utumie kile. Mwandishi ambaye hajafanya anakuambia "mwalimu ahakikishe", "mwalimu ajitahidi", "mwalimu awe mbunifu". Neno "mbunifu" nimelichukia tangu siku hizo. Mara nyingi maana yake ni kwamba mwandishi hakujua, akakuachia wewe.

Kitabu kilichofaulu mtihani wa fundi kilitoka tena nje ya rafu ya elimu, na tena kwa Werner. Muuguzi mmoja wa hospitali ya misheni aliniazima Disabled Village Children, cha 1987, kurasa zaidi ya 600 za Kiingereza ambacho nilikisoma kwa shida nikisaidiwa na picha. Kimetokana na kazi ya mradi wa PROJIMO hukohuko Ajoya, ambako waliokuwa wakitengeneza magongo, viti na miguu ya bandia wengi wao walikuwa wenyewe ni watu wenye ulemavu. Werner naye ana ulemavu wa misuli tangu utoto. Ukisoma unaliona hilo. Hakuna gongo lisilo na namna ya kupimwa, na hakuna kiti kisicho na onyo juu ya mahali patakapomchubua mtoto.

Ndani yake tulikuta kipimo cha macho cha kutumia herufi E, kazi iliyotoka kwenye mbinu ya mtoto kwa mtoto, ambayo wanafunzi wakubwa wanawapima wadogo. Tulichora E kwenye manila kwa ukubwa tofauti, zingine zinatazama juu, zingine chini, kulia na kushoto. Mtoto anasimama mbali, hatua tulizozipima kwa kamba, anafunika jicho moja, anaonyesha kwa vidole vitatu E inaelekea wapi. Hahitaji kujua kusoma. Darasa la sita waliwapima darasa la pili chini ya mwembe, wakijiona madaktari wakubwa. Kulikuwa na msichana mmoja aliyejulikana kwa uvivu; kazi yake siku zote kunakili kwa jirani. E kubwa kuliko zote aliionyesha upande usio wake, akacheka, akadhani ni mchezo. Alikuwa na uoni hafifu. Tulimhamishia mbele karibu na dirisha, mwanga usimpige usoni, fundi wetu akamtengenezea kibao cha kuegemeza daftari ili asiinamishe shingo hadi pua iguse karatasi, na ubao wenyewe, uliokuwa umepauka kama magamba, tukaupaka upya kwa mkaa uliosagwa na majani ya viazi. Huo mkaa ulisaidia watoto wote.

Somo la nukta nundu, maandishi ya wasioona, nalo lilinijia hivyohivyo, kutoka kwa mtu wa kazi. Mwalimu mmoja wa elimu maalumu alitutembelea kituoni, akaomba trei la mayai. Akalikata vipande vya vishimo sita, viwili kwa vitatu, akatugawia vizibo vya soda. Kishimo cha juu kushoto ni namba moja, unashuka hadi tatu, kisha kulia juu nne, unashuka hadi sita. Weka kizibo kwenye moja, hiyo ni a. Weka kwenye moja, tatu na nne, hiyo ni m. Kabla ya chai walimu wote tulikuwa tumeandika "mama". Akatuonyesha pia jambo ambalo hakuna kitabu kimoja kati ya vile vya fasili kilicholitaja: ukiandika kwa kibao na msumari wake mdogo, unaanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi umeigeuza, kwa sababu unaibonyeza karatasi kwa nyuma ili nukta zitokeze upande wa pili. Fikiria mwalimu asiyejua hilo anavyomsahihisha mtoto.

Tangu hapo nilibadilisha namna ya kujaza rafu. Vitabu vya nadharia sikuvitupa vyote. Paulo Freire bado yupo pale, amekunjwa kurasa na watu mbalimbali, na anastahili. Lakini nusu ya fedha zilianza kwenda kwenye vitabu ambavyo mkaguzi mmoja aliviita vya mafundi na wauguzi: ushonaji, useremala, ufugaji wa kuku, mazoezi ya viungo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Kabla ya kununua tulichagua ukurasa mmoja, tukatekeleza unachosema kwa vitu vilivyopo kijijini. Ukishindikana, kitabu kilirudi dukani.

EMAC ilivunjwa 2013, na vitabu vya kiada vikawa kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa hiyo hapo shule haina tena la kuchagua. Kilichobaki mikononi mwetu ni vitabu vya ziada na vya mwalimu, ambavyo siku hizi vinakuja kwa WhatsApp, mafaili mia usiku mmoja, hata hujui kipi umekipokea. Simu imetuletea wingi, na kwa mwalimu kijana wingi ni tatizo jipya. Bado namwambia afungue ukurasa mmoja na kuutekeleza.

Ila kuna mahali mtihani wa fundi haukunifikisha. Mwaka fulani tulipata kamusi ya lugha ya alama ya Tanzania, imechorwa vizuri, mikono ina mishale ya kuonyesha mwendo. Niliisifu. Kijana mmoja mwalimu, mwenye mwanafunzi kiziwi darasani kwake, aliniambia, "Shikamoo Mwalimu, lakini si mimi wala wewe wa kuisifu." Akamwita yule mwanafunzi, aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka shule ya viziwi ya mkoa mwingine, akampa kamusi. Binti akafungua taratibu. Ukurasa huu akatikisa kichwa kukubali, ukurasa ule akakunja uso, akafanya alama nyingine kabisa, kwa kasi, kisha akairudia polepole kwa ajili yetu. Viziwi wa Tanzania walikulia kwenye shule mbalimbali, na kila shule ilikuwa na alama zake. Kamusi ilijaribu kuziunganisha, naye alikuwa anatuambia wapi kwao hawasemi hivyo. Kuhusu mishale alicheka tu, akaomba simu ya mwalimu wake, akataka arekodiwe.

Nakala ile sasa ina maandishi ya penseli pembeni, ya mkono wake, na video zake zimo kwenye simu ya kituo. Wiki iliyopita mratibu wa kata alinipigia kuuliza tumwite nani kwenye kikao cha kuchagua vitabu vya mwaka ujao. Nikampa jina la fundi, la muuguzi, na la huyo binti, ambaye sasa anasoma ushonaji chuoni. Akauliza, "Na walimu?" Nikamwambia waje wawili, inatosha.