Tiara Yetu Katika Upepo wa Uvira

Wakati wa vakansi tulijaribu tiara yetu kandokando ya ziwa, kule Kavimvira. Mifupa yake ni matete, ngozi ni mfuko wa plastiki, uzi ni nailoni ya wavuvi. Tulitaka ivute mtu juu ya ubao majini, kama zile kubwa za Paje, Zanzibar.

Asubuhi mapema upepo unashuka toka milimani, tena kwa kurukaruka: tiara inapanda, mara pu! chini. Mchana unatoka ziwani, mdogo lakini sawasawa, tiara inatulia. Lakini siku moja ya mwezi wa 7 ukavuma ule wa kusini, unaopanda ziwa lote. Lo! Bidoni ya lita 5, imejaa maji, ikaburutwa mchangani. Ndiyo ile ya fizika: upepo ukizidi mara mbili, mvuto unazidi mara nne.

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yametulia, mdogo wangu akataka kupanda ubao. Baba mdogo, ambaye ni mvuvi, akamshika mkono.

«Mwanangu, upepo huu unaenda Burundi. Utarudi na nini?»

Sasa tunajaribu mchana tu, na ubao umefungwa kamba kwenye mwembe.