Unguja tamu, kasheshe ni kumlisha mtoto

Ukimwuliza mtu aliyerudi kutoka Unguja, atakusimulia bahari, milango ya Mji Mkongwe na picha alizopiga jua likizama. Waliooana juzi watakwambia ni mahali bomba pa fungate. Lakini mwenye mtoto mdogo anayechagua chakula atanyamaza kidogo, atatikisa kichwa, halafu atakuuliza: "Wako anakula kila kitu?"

Kama jibu ni ndiyo, mpenzi msomaji, ruka safu hii ukasome nyota yako. Kama ni hapana, vuta kiti tuongee.

Mimi ninaye mmoja. Ana miaka mitatu na nusu, na nyumbani tunamwita Bosi kwa sababu ndiye mwenye neno la mwisho. Orodha yake ya chakula ni fupi ile mbaya: wali mweupe, yai, chipsi, mkate na ndizi mbivu. Basi. Wali ukiguswa na mchuzi, hata tone moja, haulambwi tena. Yai likionekana na kitu cha kijani ndani yake, sahani inasukumwa pembeni. Mwisho wa mwaka jana mimi na mama yake tulipanda naye boti Dar es Salaam kwenda Unguja kwa siku tano. Fedha hizo tulikuwa tumezidunduliza karibu mwaka mzima, kwa hiyo haikuwa safari ya kuvunjika hivi hivi kwa sababu ya yai.

Usiku wa kwanza tuliingia mkahawa mmoja unaotazama bahari, vitambaa vyeupe mezani na mishumaa juu. Bosi tukamwagizia wali mtupu na yai. Mhudumu, kijana mpole, akasema hamna shida. Dakika arobaini zikapita. Saa nzima ikapita. Bosi akamaliza juisi, akachezea kijiko, akahesabu mishumaa, mwishowe akalala kichwa kikiwa juu ya kitambaa cheupe. Ndipo chakula kikaja. Wali ulikuwa wa njano, ndani yake mna karafuu, iliki na kijiti cha mdalasini. Tukamwamsha. Akafumbua jicho moja, akautazama ule mdalasini, akasema: "Baba, wali una miti." Akalifumba.

Mpishi hana kosa jamani. Kwa karne nyingi majahazi yamekuja Unguja na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kila jahazi limeacha kitu jikoni. Karne ya 19, enzi za Seyyid Said, mikarafuu ikapandwa kwa wingi, mpaka Zanzibar ikawa inaongoza duniani kwa karafuu. Jiko la mahali kama hapo halina sababu ya kupika wali usionukia. Iliki imo kwenye chai, imo kwenye maandazi, imo kwenye mkate wa kumimina. Na migahawa ya wageni ndiyo inazidisha, kwa sababu mgeni amekuja kuonja hayo hayo.

Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hakuja kuonja viungo. Wataalamu wa malezi wanasema kuanzia kama miaka miwili watoto wengi huogopa chakula wasichokijua, na hilo si utundu wala si kudeka. Ni hatua ya kukua. Chakula kipya wanaweza kuhitaji kukiona mara kumi au zaidi kabla hawajakitia mdomoni. Sasa mchukue mtoto huyo umpeleke kwenye kitanda kipya, choo kipya, kikombe kipya na joto jipya. Kitu pekee anachobaki akikitawala ni mdomo wake. Lazima aufunge!

Siku ya pili kimbembe kikaanza. Asubuhi aliguguna nusu kipande cha mkate. Mchana akakataa kila kilichowekwa mezani. Kufika alasiri alikuwa amekula biskuti tatu na amekuwa mnyonge, haongei. Mama yake akaniangalia kwa yale macho ambayo waliooa wanayajua. "Baba Bosi, kesho tunarudi na boti ya asubuhi. Siwezi kukaa mahali mtoto anashinda na njaa huku sisi tunapiga picha." Nikamwambia hela ya hoteli imeshalipwa na hairudi. Hapo maneno yakawa mengi, na wapita njia wa Shangani wakapata sinema ya bure.

Ngoja niweke mzaha pembeni kidogo. Mtoto mwenye afya njema akila kiduchu kwa siku moja mbili, hilo peke yake si janga. Hatari kubwa ni maji kumwishia mwilini, hasa kwenye joto la pwani. Mdomo ukikauka, akilia bila machozi, akikaa saa nyingi bila kukojoa, au akilegea asiamke vizuri, hapo hakuna habari ya menyu tena, mpeleke hospitali. Na pakiti za ORS zinauzwa maduka ya dawa. Tia mbili tatu begini kabla ya kupanda boti, maana tumbo likiharibika usiku hutaanza kuulizia duka.

Bosi hakufika huko, na aliyetunusuru hakuwa na menyu. Alikuwa muuza madafu. Tulisimama kwake kwa ajili ya kiu yetu wenyewe. Akakata dafu moja, akainama, akamkabidhi Bosi kwa mikono miwili. "Shika mwenyewe, bi mdogo." Hakuna aliyemwambia kunywa. Akanywa lote. Kisha yule bwana akalipasua, akachonga kijiko kwenye ganda lake, akampa akwangue nyama laini ya ndani. Akakwangua!

"Kwani hakuli huyu?" bwana yule akauliza alipotuona tumeduwaa. Tukamwambia hakuli. "Basi msimsimamie. Mwacheni aone, achague mwenyewe."

Maneno ya barabarani, lakini kuna mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, amekuwa akiwafundisha wazazi jambo hilo hilo tangu miaka ya 1980. Yeye anagawa kazi. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Ukiingilia kazi yake, naye ataingilia yako. Kuanzia jioni ile tukaamua kugawana kazi na Bosi, na safari ikabadilika.

Jambo la kwanza tuliligundua kesho yake: Unguja chakula kina saa zake, na saa hizo hazifanani na za mikahawa ya wageni. Asubuhi mapema ndiyo saa ya chapati, vitumbua, maandazi na mkate wa ufuta, vya moto, vinauzwa vichochoroni na pande za Darajani. Mchana ni wali. Alasiri kuelekea jioni ni urojo, kachori na mishkaki. Ukitoka hotelini saa nne ukiwa umenyoosha mgongo, vitumbua vimeshakwisha na wali haujaiva, na mtoto analia. Sisi tukaanza kutoka saa moja. Bosi alikula chapati kavu mbili, amesimama, anaangalia paka.

Jambo la pili ni kula mahali ambapo chakula kinaonekana. Pale Mkunazini kuna mgahawa wa Lukmaan, ambao wenyeji na wageni wanaujua. Vyakula vimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole unachotaka, unapakuliwa hapo hapo. Kwa mtoto huo ni ufalme. Haongojei saa nzima, na hakuna sahani inayomshtukiza kama mgeni asiyebisha hodi. Nikambeba, akatazama sufuria hadi sufuria, akakwama kwenye wali wa nazi. Mweupe pepepe! Tui limo ndani na halionekani. Akala sahani nzima. Mama yake akageukia ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Habari ya boti ya asubuhi ikaishia hapo.

Jambo la tatu ni lugha. Sisi wa bara tunadhani Kiswahili ni kimoja. Mtoto wako anapenda viazi ulaya? Unguja sema mbatata. Ukisema viazi tu, unaweza kuletewa viazi vitamu. Nyanya huko utasikia zikiitwa tungule. Na usiseme "chakula kisicho na pilipili" ukafikiri umemaliza, kwa sababu pilipili ni moja na viungo ni kumi. Sema: "Naomba wali mtupu, usiwe na kiungo chochote, ni wa mtoto." Neno "mtoto" lina nguvu Unguja kuliko tipu. Likitajwa tu, watu wa jikoni wanatoka kumwangalia mwenyewe.

Jioni nenda Forodhani. Bustani ile ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na jua likizama meza za wapishi zinajaa moshi na kelele. Kwa Bosi haikuwa chakula, ilikuwa sarakasi. Alisimama mbele ya mpishi wa pizza ya Zanzibar, ambayo kwa kweli si pizza ya Wataliano: ni donge la unga linalotandazwa mpaka linakuwa jembamba, likajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, likakunjwa, likakaangwa kwenye chuma. "Mimi yai tu," Bosi akamwambia mpishi. Akaagiza mwenyewe! Mpishi akampigia saluti. Akala nusu, nusu nikala mimi. Ukiwa pale chagua kinachopikwa ukikiona, kikiwa moto, siyo mshikaki uliokaa mezani unapigwa upepo tangu magharibi. Pweza mwache ule wewe, maana mtoto mdogo hawezi kumtafuna vizuri na anaweza kumkaba. Samaki mpekue miba kwa vidole kabla hujampa.

Siku moja tulivuka kwenda Changuu, kile kisiwa wanachokiita cha magereza. Pale kuna kobe wakubwa ajabu, ambao asili yao ni zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Wageni wanapewa majani ya kuwalisha. Bosi, ambaye akiuona mchicha nyumbani anajificha chini ya meza, alisimama kwa nusu saa akimlisha kobe mmoja majani ya kijani, anambembeleza: "Kula kidogo tu, kula kwa ajili yangu." Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Hayo ni maneno yake yeye, neno kwa neno, kila usiku.

Sasa ukitoka mjini kwenda pwani ya mashariki, Paje, Bwejuu au Jambiani, mchezo unabadilika. Huko hakuna vichochoro vya chapati kila hatua kumi. Hoteli nyingi ni ndogo, na jikoni wanaanza kupika ukishaagiza, wengine samaki wanamfuata kwa mvuvi. Saa nzima ya kungoja ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo agiza saa nne asubuhi chakula cha saa saba, kisha nenda ukacheze. Maji yakipwa upande huo yanakwenda mbali, unawaona kina mama wanashughulika na mashamba yao ya mwani, na mtoto anaokota makombe mpaka anachoka mwenyewe. Akirudi ana njaa ya kweli, na chakula kipo mezani. Mimi nilinunua ndizi na mayai kwenye duka la kijijini, nikaomba jikoni wayachemshe. Hakuna aliyeninunia. Siku ya nne Bosi alinyoosha kidole kwenye sahani yangu, akagusa nyama nyeupe ya changu wa kuchoma, akalamba kidole. Hatukusema neno. Mara moja kati ya zile kumi imehesabiwa.

Kwa mtakaosafiri Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, jueni kwamba Unguja karibu watu wote ni Waislamu, na migahawa mingi ya kawaida hufungwa mchana. Mtoto mdogo hafungi, lakini mlisheni chumbani au ndani ya hoteli, siyo barazani mbele ya watu waliofunga. Ni adabu tu. Malipo yake mtayaona magharibi: futari ya kule ina uji, tambi za sukari, muhogo wa nazi na boko-boko, ngano iliyopondwa na nyama mpaka inalainika kama uji mzito. Vyote laini, vya kijiko, kama vile viliandaliwa kwa ajili ya watoto wanaochagua.

Sasa tumerudi Dar na Bosi bado ni Bosi. Orodha yake imeongezeka vitu viwili tu, dafu na wali wa nazi. Kwa siku tano, mimi naona ni mavuno makubwa. Juzi alimsikia mama yake akiniagiza mbuzi sokoni ili wali uchemke Jumapili. Nikarudi na kile kibao cha kukunia nazi. Bosi akakizunguka, akainama akachungulia chini yake, akaniuliza kwa huruma: "Baba, kichwa chake kiko wapi?"

Haya, wazazi wenzangu, safari njema, na ndizi isikose begini. Tukutane wiki ijayo.