Sherehe ya Msimbo

Kwetu wapenzi wa ushairi, sherehe si pilau na ngoma tu; ni pia yale maelezo ya maneno magumu mwishoni mwa diwani. Niliitamani mno sherehe ya namna hiyo nilipojifungia chumbani Mbagala kuusoma msimbo wa DHIS2, programu huria ya takwimu za afya itumikayo hapa Tanzania. Faili za Java zilinitiririkia kama utenzi usiogawanywa beti.

John Lions, mhadhiri wa Australia, aliwahi kuufafanua msimbo wa Unix kitabuni, mistari takriban 9,000, katika miaka ya 1970. Mimi nikaunda ukurasa wa kubofya: gusa neno, maelezo ya Kiswahili yafunguke pambizoni, pamoja na njia ya kukufikisha neno hilo lilikoanzia.

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa mdogo wangu, aliyekwisha kuiacha kozi ya kompyuta akiamini Kiingereza kimemshinda. Alisoma jioni nzima. Kisha akaigusa "return", niliyokuwa nimeieleza "rudi".

"Kaka, anarudi nani? Au kuna kitu kinarudishwa?"

Miaka yote ya kuandika programu, sikuwahi kujiuliza. Mahali pengine msimbo huondoka mikono mitupu. Pengine humkabidhi aliyeuita jibu lake. Tukaanza upya, yeye akisoma, mimi nikisahihisha: hapa "rudi", pale "rudisha".