Kilo 260 Zisizo na Rivasi

Vijana wa steji hunicheka nikiwaambia kwamba pikipiki nilifunzwa na mkokoteni. Wao wamezaliwa wakazikuta pikipiki za Boxer zimejaa mjini kama kunguru. Mimi nilianza kazi mwaka 1998, nikiwa na miaka 19, nikitoa viazi na vitunguu soko la Marikiti, Mombasa, kuvipeleka maduka ya Kibokoni na Kuze. Mtaji wangu ulikuwa mabega mawili na ndara za tairi.

Mkokoteni wenye magunia matano hauna huruma. Kwenye tambarare mnausukuma huku mkipiga soga. Mkifika pale Mji wa Kale unapoanza kuinamia Bandari ya Kale, soga inakatika yenyewe. Nyuma ya mkokoteni, chini ya ubao, huwa tumepigilia vipande vya tairi kuukuu. Kwenye mteremko unainua mikono ya mbele juu, mkia unashuka, raba inakwaruza barabara, na mwendo unapungua. Hiyo ndiyo breki, hakuna nyingine. Siku yangu ya kwanza sikuielewa. Nilisimama mbele ya mzigo nimekaza misuli kama ng'ombe wa kulima, visigino vikiteleza. Mzee aliyekuwa akituongoza, sote tukimwita Ami, alinitoa pale kwa kofi la kisogo.

"Wewe una kilo ngapi?"

"Hamsini na tisa, Ami."

"Na magunia?"

Nikanyamaza.

"Basi iache barabara ibebe. Wewe kazi yako ni kuelekeza."

Nilikaa kwenye mikokoteni miaka 11. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, zisizozidi cc 250, na bei ikashuka hadi kwa watu wa kiwango changu. Mwaka uliofuata chama chetu kilinikopesha, nikawa mtu wa boda. Juu ya miaka hiyo sina mengi ya kusema: jua, abiria, mvua, askari. Boxer haifiki hata kilo 130. Ikikukwamia uchochoroni unashika mkia, unaigeuza kama unavyogeuza kitanda cha kamba, unakwenda zako.

Kisha zikaja zile kubwa.

Wasafiri wa pikipiki wa masafa marefu, wale wanaoshuka kutoka Cairo kwenda Cape Town au wanaopanda kurudi, baadhi hupitia Mombasa, na kati yao wapo wanaotaka kulala Mji wa Kale ili waamke na adhana na harufu ya mahamri. Siwalaumu. Wa kulaumiwa ni mwenye nyumba anayemwambia mgeni kwa simu kwamba maegesho yapo, mlangoni kabisa. Mlango upo, tena wa kuchongwa, wa kupendeza. Kinachokosekana ni njia ya kuufikia. Mitaa hii ilipimwa kwa watu wawili kupishana na punda mmoja. Barabara ya Ndia Kuu ina nafasi, lakini ukiiacha ukaingia ndani, kuna vichochoro ambavyo nikinyoosha mikono nagusa kuta za pande zote mbili, na kila nyumba imetoa baraza lake nje kama mtu aliyenyoosha miguu.

Mwaka 2015 niliitwa na kijana wa nyumba ya wageni. Nilikuta BMW R 1200 GS Adventure imesimama pua chini, kwenye uchochoro unaoteremkia baharini, mbele yake ukuta. Masanduku mawili ya aluminiamu ubavuni, upana wa karibu mita moja. Mwenyewe, Mjerumani mrefu, amekaa juu ya kiti akijaribu kurudi nyuma kwa ncha za vidole vya miguu. Tangi la pikipiki hiyo ni la lita 30, naye alikuwa amelijaza asubuhi hiyo. Mashine yenyewe kilo 260, na juu yake masanduku. Pikipiki ya namna hiyo haina rivasi. Honda Gold Wing inayo, lakini Gold Wing nzima nzima hata kona ya kwanza isingepita.

Watu wanne walikuwa wameshika huku na huku wakivuta, kila mmoja kwa upande wake. Niliwaomba waache. Nikamwomba mwenyewe ashuke, jambo ambalo hakulipenda. Tulifungua masanduku yote mawili, tukayaweka barazani kwa mzee aliyekuwa akinywa kahawa. Hapo hapo tulipunguza karibu kilo 40 na upana wa mtu mmoja. Nikasimama upande wa kushoto, nikailaza kidogo kunielekea mpaka nyonga yangu ikaegemea kiti, maana pikipiki ikikuegemea unaijua iko wapi. Ikiegemea upande wa pili huna habari nayo hadi iwe chini. Mkono wa kulia kwenye breki ya mbele. Mtu mmoja tu nyuma, akivuta kwa chuma cha kubebea mizigo. Vuta shibiri moja, funga breki, pumua. Vuta, funga, pumua. Tulimaliza mita sita kwa robo saa, na Mjerumani akanilipa pesa ya siku nzima ya boda.

Habari zikaenea kwenye nyumba za wageni, nikaitwa tena, kisha tena. Ndivyo nilivyopata kazi ambayo mpaka leo haina jina. Mke wangu husema mume wake analipwa kwa kusukuma pikipiki ambazo ni nzima.

Mara ya tatu niliiangusha pikipiki. Nakumbuka kila kitu. Nilikuwa nimeipanda, naikunja kona taratibu, usukani umepinda hadi mwisho, paka akakatiza. Vidole vikafunga breki ya mbele vyenyewe. Kwenye mwendo wa miguu, usukani ukiwa umepinda, breki ya mbele haikusimamishi, inakulaza. Ilinitoka mikononi polepole, kwa adabu, ikaenda kulalia pembe ya baraza la mzee yule yule wa kahawa, ikabandua chokaa kipande cha ukubwa wa kiganja.

"Umeumia, mwanangu?"

"Sijaumia, Mzee."

"Basi limeumia baraza."

Jinsi ya kuinyanyua nilijifunza siku hiyo kwa aibu. Uzuri wa BMW hizo ni kwamba silinda zimetokeza ubavuni, moja kila upande, kwa hiyo hailali chini kabisa. Huegemea chuma cha kuzilinda. Tuliizungusha juu ya chuma hicho mpaka pua ikaelekea bondeni, kwa sababu kuinyanyua kuelekea mlimani ni kuonewa, na kuelekea bondeni ni kuipindua upande wa pili. Nikaitia gia ya kwanza isije ikajiendea. Kisha nikaipa mgongo, nikachuchumaa makalio yakiegemea kiti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, nikarudi kinyumenyume kwa hatua fupi za miguu. Mikono haikuinua kitu. Ami alikuwa ameshafariki wakati huo, lakini kisogo kiliniwasha.

Tangu hapo breki ya mbele siigusi nikiwa nakunja kona ya uchochoro. Natumia klachi nusu, gesi kidogo, na mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma. Na nikiiteremsha injini ikiwa imezimwa, naiacha ndani ya gia ya kwanza, kisha naachia klachi kidogo kidogo: nikibonyeza inatembea, nikiachia inakwama. Nikifanya hivyo husikia ile raba ya mkokoteni ikikwaruza.

Nyumbani kwangu ni Likoni, ng'ambo ya feri, na kazi zangu ngumu zaidi huwa za kuwavusha wageni wanaokwenda Diani. Mama yangu hajavuka bila kusoma dua tangu feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Mimi feri siiogopi, naogopa mteremko wa kuifikia. Maji ya hapa, wakati wa bamvua, hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Yakijaa, feri iko karibu nawe na unaingia kama unaingia dukani. Yakipwa, unateremka saruji ndefu ambayo saa sita zilizopita ilikuwa chini ya maji, ina ute wa mwani, na mwisho wake kuna bamba la chuma lenye mdomo. Kushoto na kulia mamia ya watu wanakimbilia nafasi, wenye vikapu, wenye watoto.

Kwa hiyo mtu akinipigia simu habari za Likoni, kwanza nautazama mwezi. Mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua, namwambia tuvuke maji yakiwa yamejaa. Akiwa na haraka, nangoja juu kabisa hadi njia iwe nyeupe mpaka kwenye chuma, ndipo niteremke mara moja bila kusimama katikati. Nikilazimika kusimama, mguu wa kulia haukanyagi chini hata kidogo, unabaki kwenye breki. Wa kushoto ndio unaobeba. Ndani ya feri siiamini stendi. Naitia gia, nashuka, nailaza nyongani, nakaa hivyo hadi ng'ambo. Abiria hudhani nimeikumbatia kwa mapenzi.

Magoti yangu sasa yanalalamika, na kazi nyingi namwachia mpwa wangu. Juzi alikuwa akiitoa pikipiki ya Africa Twin kwenye uchochoro ule ule, mimi nikitembea nyuma na kitambaa cha kufuta mafuta, sina la kufanya. Tulipolifikia baraza akasimama, akafunga breki ya nyuma vizuri, akatazama pembe iliyobanduka. Nyumba nzima imepakwa chokaa mara mbili tangu siku ile, na kila mara nimejitolea kuiziba ile pembe. Mzee hakubali.

"Hapa palipigwa na nini, Babu?"

Mzee akasogeza dele la kahawa na miguu yake, kumpa nafasi ya kupita.

"Muulize mjomba wako," akasema. "Mwambie na kahawa yangu ya leo hajalipa."