Mali Bila Daftari



Mwaka jana tulimzika mzee wetu mmoja. Alizaliwa Mombasa, akafanya kazi Kampala, na mwaka 1972 akaja Uingereza na sanduku moja. Kila Idd tukienda kumpa mkono alitusimulia habari za Kampala, za kambi alimofikia, na za kiwanda cha soksi alichofanya kazi za usiku. Nasi tulimwambia, "Mzee, iko siku tutakuja na mashine tukurikodi." Siku hiyo haikufika. Baada ya matanga tuliwasaidia wanawe kuitoa nyumba, na miongoni mwa magunia tuliyoyabeba wenyewe kwenda kutupa lilikuwamo bati la biskuti lililojaa barua na picha. Tulikuja kulikumbuka bati hilo wiki mbili baadaye.

Aibu hiyo ndiyo iliyotufanya tukitazame upya chuo kikuu cha hapa mjini. Wengine wetu tumefanya usafi pale, wengine watoto wetu wamesoma pale, lakini hatukuwa tukijua kwamba mwaka 1948, wakati kingali chuo kidogo, kilifungua idara ya historia ya mahali, na kwamba kituo kilichotokana na idara hiyo kina jina kubwa miongoni mwa wanahistoria wa nchi hii. Kazi yake si kusoma wafalme na vita. Ni kusoma kijiji, mtaa, shamba na njia ya mguu.

Mwanzilishi wake alikuwa W. G. Hoskins, mtu wa Exeter aliyekuja Leicester mwaka 1931 kufundisha mambo ya biashara na uchumi. Jioni aliwafundisha watu wazima waliotoka makazini, na siku za mapumziko akitembea mashambani. Alifundisha kwamba ardhi yenyewe ni kitabu: matuta yaliyofunikwa na majani yanaonyesha palipolimwa zamani, na ua wa miti unaonyesha ni lini shamba la wengi liligawanywa likawa la wachache. Mwaka 1955 alitoa kitabu chake mashuhuri, The Making of the English Landscape. Miaka miwili baadaye akatoa kingine juu ya kijiji kimoja tu, Wigston.

Sasa Wigston wengi wetu tunapajua. Ni kusini ya mji, mwendo mfupi wa basi, na wako ndugu zetu wanaoishi huko. Hoskins alifuatilia wakulima wa kijiji hicho karne baada ya karne, wengi wao watu wasiojua kuandika hata majina yao. Aliwapata wapi? Katika wasia, hati za ardhi, hesabu za kodi, na madaftari ya kanisa ya ubatizo, ndoa na maziko. Mtu akifa, majirani walikuja kuorodhesha mali yake: sufuria ngapi, ng'ombe wangapi, shuka ngapi. Leo tunaweza kujua mkulima wa miaka mia nne iliyopita aliacha nini jikoni. Mzee wetu aliyekufa mwaka jana hatujui.

Si kwamba sisi hatumo katika karatasi za mji huu. Mnamo Septemba 1972 halmashauri ya Leicester ilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwaambia waliofukuzwa na Idi Amin wasije huku. Tangazo hilo limehifadhiwa, na wanafunzi hulisoma. Watu zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza, na maelfu walikuja Leicester vilevile. Lakini alichokisema mtu jikoni kwake Kampala alipolisoma tangazo lile, na kwa nini alikata shauri kuja, hayo karatasi ya halmashauri haiyajui. Huko ndiko alikokuwa mzee wetu, na bati lake.

Kwetu pia yamewahi kutupata. Inasemekana kwamba nakala ya asili ya habari za wafalme wa Pate iliteketea Witu iliposhambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Tulizonazo leo zimetokana na wazee waliokuwa nazo vichwani, na watu waliokaa chini wakawaandika. Na hapa Leicester, tangu 2001, chuo hicho kimekuwa na hifadhi ya sauti za watu wa eneo hili. Mlango upo. Kilichobaki ni sisi kubisha.

Basi tumeanza. Jumamosi moja tulikwenda kwa bibi mmoja wa Unguja, tukamwamkia, tukaiweka simu mezani. Akatucheka. "Wanangu, mimi nilikuwa nashona fulana tu. Mnataka habari gani kwangu?" Tukamwambia habari za fulana. Akasema saa mbili na nusu: mshahara wa wiki, baridi ya kituo cha basi, nani alimfundisha kupika maandazi kwa unga wa hapa.

Waswahili tunasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, popote ulipo, Muscat, London au Minneapolis, kabla hujabeba gunia kulitupa, lifungue. Na kama mzee wako yu hai, usimwambie iko siku. Nenda Jumamosi hii.