Toleo Alilolisoma Mtoto

Watu wakisikia nakusanya vitabu vya watoto vya Marekani vya karne ya 19, swali la kwanza huwa lile lile: una toleo la kwanza la kitabu gani? Jibu langu huwakata stimu. Sina hata moja la maana. Na kusema kweli, hata ningekuwa na hela hizo, sidhani kama ningeanzia huko.

Nilianza mwaka niliokwenda Boston kwa masomo ya miezi tisa ya waandishi wa habari. Pale West Street kuna duka la Brattle, na pembeni ya duka kuna kiwanja ambako vitabu vya bei ya chini hupangwa nje, kwenye rafu na mikokoteni. Mimi ni mtoto wa Ilala, mtumba naujua. Hutazami lebo kwanza. Unapitisha mkono, unavuta, unaangalia mshono. Nikavuta kimoja chenye jalada la kitambaa cha kijani kilichopauka, nikafungua. Kwenye karatasi nyeupe ya mwanzo mtoto alikuwa ameandika jina lake kwa penseli mara nne, kila mstari ukipanda mlima. Ilikuwa hadithi ya Horatio Alger. Nikalipa dola tatu.

Hapa nieleze kidogo, maana najua kati yenu wapo watakaoshawishika. Vitabu hivi viliandikwa kwa mifululizo. Jacob Abbott, mchungaji na mwalimu wa New England, alianza na Rollo mwaka 1835: mtoto mdogo anayejifunza kuongea, kisha kusoma, kisha kufanya kazi. Kufikia miaka ya 1850 Rollo huyo huyo anatembezwa Ulaya, juzuu kumi nzima. William Taylor Adams, mwalimu wa shule aliyejiita Oliver Optic, aliwapakia vijana wake kwenye meli akawazungusha dunia. Martha Finley alimtoa Elsie Dinsmore mwaka 1867, akaenda naye hadi juzuu ya 28 mwaka 1905, Elsie akiwa bibi mwenye wajukuu. Wachapishaji walishaijua siri wanayoijua leo watu wa tamthilia za televisheni. Mtoto akimpenda mhusika, atarudi. Na wakavivalisha vitabu vya mfululizo mmoja sare moja, mgongo kwa mgongo, ili pengo kwenye rafu liume kama jino lililong'oka. Linauma hadi leo, mimi shahidi.

Sasa, mtego. Ukifungua nyuma ya ukurasa wa jina utakuta mwaka wa hakimiliki, na mwaka huo haubadiliki hata kitabu kikichapwa tena miaka arobaini baadaye. Ragged Dick ya Alger ilitolewa kama kitabu na A. K. Loring wa Boston mwaka 1868. Loring alifilisika mwaka 1881, haki zikahamia kwa wengine, na baadaye kampuni za bei poa, akina Hurst na Donohue, zikawa zinafyatua vitabu vya Alger bila kuweka mwaka wa uchapaji kabisa. Muuzaji wa mtandaoni akiona 1868 imechapwa mahali fulani ndani, anaandika "toleo la kwanza", anaongeza sifuri mbili. Usimkimbilie. Tazama jina la mchapishaji. Kisha nenda kurasa za mwisho, kwenye matangazo, kwa sababu kitabu kilichochapwa 1868 hakiwezi kutangaza hadithi iliyoandikwa 1890. Kisha tafuta mkono wa mwenyewe. Kile changu cha kijani kilikuwa na mstari mmoja wa wino juu ya zile penseli: kutoka kwa shangazi, Krismasi ya 1907. Alger alikuwa amefariki tangu 1899. (Wala kufa hakukumzuia. Edward Stratemeyer, kijana aliyekuja kuwa mfalme wa mifululizo ya karne iliyofuata, alimalizia hadithi kadhaa zilizobaki na zikaendelea kutoka kwa jina la marehemu.)

Kwa mkusanyaji wa kawaida, hiyo 1907 inakiua kitabu. Kwangu mimi ndiyo inayokipa uhai. Toleo la kwanza la 1868 lilisomwa na watoto wachache wa wenye nafasi. Hizi chapa za karatasi mbovu inayovunjika kama chapati ya jana ndizo zilizoingia kwenye nyumba za watu. Ukitaka kujua nchi iliwafundisha nini watoto wake, fuata chapa za bei rahisi.

Na si kwamba maandishi hubaki yale yale. Chukua Little Women ya Louisa May Alcott. Sehemu ya kwanza ilitoka Roberts Brothers, Boston, mwaka 1868, ya pili 1869. Uingereza sehemu ya pili inaitwa Good Wives hadi leo, ndiyo maana wengine tuliosoma nakala za Kiingereza shuleni tulidhani ni vitabu viwili tofauti. Lakini toleo la 1880, lile lenye michoro ya Frank Merrill, si kitabu kilekile. Lugha ya mitaani ya Jo imepigwa pasi. Laurie ameongezwa urefu na uzuri. Na mama yao, ambaye mwaka 1868 anaingia mlangoni akiwa mnene, mama kweli kweli, mwaka 1880 anaingia akiwa mrefu. Kapungua kilo kati ya chapa na chapa! Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika kidogo, kwa sababu mama wote niliokua nao walikuwa wale wa 1868. Nakala nyingi zilizosambaa baada ya hapo zilifuata maneno ya 1880. Vizazi vizima vimempenda mama aliyekondeshwa bila kujua.

Nilidhani haya yote ni mambo yangu na rafu yangu. Kisha binti yangu akafika miaka tisa.

Anasoma Kiingereza kuliko nilivyosoma mimi umri wake, na rafu haina mlango. Jumamosi moja nikamkuta na juzuu ya kwanza ya Elsie. Elsie ni mtoto mcha Mungu kuliko malaika, tajiri, anaishi kwenye shamba kubwa la kusini mwa Marekani kabla ya vita vya kukomesha utumwa. Kisa maarufu ni pale baba yake anapomwamuru apige piano wimbo wa kidunia siku ya Jumapili. Anakataa, anakalishwa hapo hapo kwenye kigoda hadi anazirai na kuanguka. Mimi kisa hicho huwa nakisoma nikitazama piano. Karne ile viwanda vya Deep River na Ivoryton kule Connecticut vilikata vibao vya piano kutoka kwenye pembe za ndovu, na pembe nyingi zilitoka Zanzibar, zikiwa zimeshushwa pwani mabegani mwa watu wetu. Watoto waliomsoma Elsie sebuleni huenda walikuwa na Tabora na Bagamoyo chini ya vidole vyao. Kitabu hakijui hilo, bila shaka.

Binti yangu hakuuliza kuhusu piano. Aliuliza kuhusu Chloe, yaya wa Elsie, mtumwa.

"Mama, huyu Chloe mbona haendi kwao?"

Nikamwambia ukweli kadiri mtoto wa miaka tisa anavyoweza kuubeba: alikuwa ni mali ya watu, hakuwa na ruhusa ya kuwa na kwao. Akaniuliza kwa nini basi kwenye kitabu anafurahi. Hapo mama yangu, aliyekuwa anachambua mchicha upande wa pili, akadakia.

"Yaani kitabu kinamwonyesha mtumwa anaupenda utumwa, na wewe unakilipia nauli kuvuka bahari?"

Mama yangu hasomi Kiingereza. Hakuhitaji.

Nimelibeba swali lake muda mrefu. Jibu langu la kwanza kwake lilikuwa hili: mwishoni mwa miaka ya 1990 Elsie aliandikwa upya na kuchapwa kwa wasomaji wa leo, na yale ya utumwa yakarekebishwa yasiwaudhi watu. Kwa hiyo mtoto anayekutana na Elsie mpya anakutana na hadithi iliyooshwa. Zile za zamani zikichomwa au zikitupwa, nani atajua kulikuwa na nini? Mchapishaji ana haki ya kusahihisha kitabu. Kumbukumbu ya watu ni suala jingine, na ushahidi uko kwenye zile juzuu chafu. Mama akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo wewe ni makumbusho. Sawa. Makumbusho huwa hayalali na mtoto chumba kimoja."

Alikuwa na hoja. Elsie amepanda rafu ya juu kabisa, pamoja na The Boy Travellers on the Congo ya Thomas Knox, ya Harper, 1888, ambayo ni safari ya Stanley ya 1874 hadi 1877 iliyofupishwa kwa ajili ya watoto wa Kimarekani. Msafara ule ulitokea Bagamoyo. Kwa mtoto wa Ohio lile lilikuwa jina la ajabu kwenye ramani. Mimi nina ndugu huko. Sitakiuza. Lakini tutakisoma pamoja, siku moja, kwa ratiba yangu.

Kilichobaki chini ndicho kinachonigharimu siku hizi. Jacob Abbott, yule yule wa Rollo, alitoa mwaka 1859 na 1860 mfululizo wa vitabu vitano uitwao Stories of Rainbow and Lucky, kwa Harper & Brothers. Rainbow ni kijana mweusi, ni huru, na ana safari yake mwenyewe: anaondoka kwenda kufanya kazi, anasafiri, anakutana na watu wanaomdharau kwa rangi yake, anaendelea na shughuli zake. Lucky ni farasi. Hii ni kabla ya vita, na miaka saba au minane kabla ya Elsie. Sitaki kuipamba. Abbott ni mzungu wa wakati wake, na Rainbow wake ni mpole na mvumilivu kupita kiasi kwa ladha yangu. Lakini anafikiri, anapanga, anajua kazi. Kijana huyo alikuwepo kwenye karatasi, amechapwa na mchapishaji mkubwa, watoto waliweza kumnunua. Walichoendelea kudai dukani miaka yote iliyofuata kilikuwa Elsie. Taja Abbott leo mbele ya wakusanyaji, watakujibu Rollo.

Ninazo juzuu mbili kati ya tano, Handie na Selling Lucky, zote hazina thamani ya kuringia: moja mgongo umeachia, nyingine ina muhuri wa maktaba ya shule ya Jumapili na doa la chai, au natumaini ni chai. Binti amemaliza Handie kwa wiki mbili na anadai inayofuata, ambayo ni Rainbow's Journey, ambayo sina. Nimemweleza habari ya pengo kwenye rafu. Hakuona kama ni hoja.

Juzi nimeiona moja mtandaoni. Bei inavumilika, nauli ndiyo mara mbili ya kitabu, jalada limechakaa, na muuzaji ameandika kwa masikitiko kwamba kurasa za mwanzo zimechorwachorwa. Nimemwomba anitumie picha za hizo kurasa kwanza.