Maumivu ya Miguu kwa Watoto: Asubuhi Ndiyo Shahidi

Hakuna nyumba yenye watoto isiyokijua kilio cha usiku cha "Mama, miguu inauma." Katika kambi ya polisi tunamoishi hapa Uganda, nyumba zimeungana ukuta kwa ukuta, mtoto mmoja akilia, majirani watatu huamka, na kila mmoja huja na lake. Huyu husema mtoto anakua, yule husema ni baridi, wa tatu hutaka achanjwe chale. Nimewalea watoto wawili waliolia kilio hicho, na sababu zao hazikuwa moja.

Kijana wetu wa kwanza alianza akiwa na miaka mitano. Mchana kutwa alicheza mpira; ifikapo saa tatu usiku hushika mapaja na misuli ya nyuma ya miguu yote miwili. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akalala. Asubuhi alikuwa wa kwanza kutoka nje. Daktari alimpima, akatueleza kwamba hayo ndiyo huitwa maumivu ya kukua, ambayo huwapata zaidi watoto wa miaka 3 hadi 12, kisha hutoweka yenyewe. Jina hilo ni la kale. Daktari Mfaransa Marcel Duchamp aliandika juu yake mwaka 1823. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba kurefuka kwa mifupa ndiko kunakouma, kwani maumivu hayo hayaandamani na miaka ambayo mtoto hurefuka kwa kasi.

Binti yetu alipotimiza miaka mitatu, naye akalia. Mama mkwe alisema, "Msihangaike, anakua kama kaka yake." Nikamjibu kwa heshima, "Mama, kaka yake asubuhi alikuwa akikimbia. Huyu kumekucha na hawezi kusimama." Mguu mmoja ulikuwa umevimba, na macho yake yalikuwa na umanjano. Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali. Damu ilipopimwa, ikaonekana ana selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli.

Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa huyo hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo; mfupa ukikosa damu, huuma vikali. Mume wangu, mtu wa gwaride na mbio asiyejua kitanda cha hospitali, alinyamaza njia nzima. Tulipopimwa, sote wawili tulikuwa na chembe ya urithi huo pasipo kuugua. Wazazi wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Huo si uchawi, wala si laana ya ukoo wa mama. Uchunguzi wa Lehmann na Raper, uliochapishwa mwaka 1949, ulionyesha kwamba urithi huu umeenea sana katika baadhi ya makabila ya Uganda, hasa Baamba wa Bundibugyo.

Leo binti yetu anasoma. Hunywa dawa zake kila siku na maji kwa wingi, hulala ndani ya chandarua, na huvaa sweta kukiwa na baridi.

Basi, wazazi wenzangu, mtoto akilia usiku, mkandeni na mumbembeleze. Akizidiwa, apewe parasetamo kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini asipewe bila amri ya daktari. Kisha mtazameni kunapokucha. Akiamka akichechemea, au maumivu yakiwa ya mguu mmoja daima, au pakiwa na uvimbe, joto, homa au kukonda, msiseme anakua, mpelekeni hospitali. Nanyi vijana mnaojiandaa kuoa na kuolewa, pimeni damu kabla ya harusi, ili mjue mapema mnachowarithisha watoto wenu.